Baina ya Nanaa na Mnanaha

Watu husema wajinga ndio waliwao. Mangi wa Barani hakuiafiki methali hiyo. Mjinga, alivyojua yeye, mara nyingi hana kitu. Wa kuliwa ni mwenye tamaa, kwani huyo hujipika, akajipakua, kisha akakuletea na kijiko.

Basi asubuhi aliyomsikia Bwana Muhdhar akilalamika mkahawani, Mangi alisimamisha masikio. Muhdhar alikuwa mwenye duka kule Mambrui, bahili aliyekuwa akipima hata chumvi ya mchuzi wake mwenyewe. Babu yake, alisema, alizika chungu cha dhahabu uani, akafa bila kutaja mahali. Muhdhar alikuwa amechimba kote, hata chooni.

"Shikamoo, mzee," Mangi alisogeza kiti. "Jambo hilo si la kuchimba. Ni la kumwuliza mwenyewe."

"Marahaba. Mwenyewe nani?"

"Babu yako."

"Babu yangu yu kaburini!"

"Ndiyo maana hakosekani nyumbani."

Akamweleza. Upo mmea uitwao mnanaha. Anywaye chai yake hujiwa na wafu, wakamwonyesha walichoficha.

Muhdhar alirudi nyuma. "Mnanaha? Si ule unaotia watu wazimu? Nyanya yetu alikuwa akitucharaza tukiugusa tu!"

"Huwatia wazimu wasiojua kipimo. Mimi ni daktari wa miti shamba, ninacho kipimo."

Kusema kweli, Mangi alikuwa na kopo la nanaa kavu, ile ile ya kutia kwenye chai, iliyonunuliwa sokoni. Nanaa na mnanaha ni majina yanayokaribiana kama majirani wa ukuta mmoja, lakini la kwanza hukuburudisha na la pili huogopwa, na riziki ya Mangi ilikuwa katika hofu hiyo. Sharti lake lilikuwa moja. Dhahabu huita dhahabu, kwa hiyo bangili za mke wa Muhdhar zifungwe kwenye leso, ziwekwe karibu na birika. Mangi naye, kwa siri, angekuja na leso ya pili kama hiyo, yenye bangili za bati.

Msimuone mwovu mtupu. Alikuwa akipenda, masikini. Kabibi, mchumba wake, alikwisha kuvishwa na Mangi bangili mara mbili, na mara zote mbili mkono uligeuka kijani. "Ya tatu ikinigeuza rangi," alimwambia, "naolewa na Sanga, fundi wa friza." Mangi alitaka bangili ya kweli kuliko alivyowahi kutaka kitu.

Alasiri alifika Mambrui amevaa kanzu ya kuazima. Bi Hadiya, mke wa Muhdhar, alizivua bangili polepole.

"Hizi za marehemu mama," alimwambia mumewe. "Zikipotea, usinitafute hata kwa huo mnanaha wenu."

Alipogeuka kuchukua vikombe, leso mbili zilibadilishana mahali, na ile ya kweli ikalala kifuani mwa Mangi.

Jikoni, Muhdhar aliyanusa majani ya daktari na kuona yananukia kama chai ya harusini. Akajisemea kwamba huyu daktari ni mchoyo wa dawa, na uchoyo yeye aliujua. Nyuma ya duka, pale jaani, mnanaha ulikuwa umejimelea bure, maua meupe, matunda ya miiba. Na nani aliyesema babu alizika chungu kimoja tu? Akachuma, akachemsha pamoja, akamimina sukari bila kupima, jambo ambalo mkewe hakuwa amelishuhudia tangu ndoa.

"Karibu, daktari. Mgeni kwanza."

Mangi alikunywa bila wasiwasi wowote. Chai ilikuwa tamu kupindukia na uchungu kwa chini, akadhani ndiyo sukari rahisi ya bahili. Akanywa cha pili kwa mbwembwe. Muhdhar alishika kikombe chake, akingoja kuona.

Haukupita muda, mdomo wa Mangi ukakauka kama umelishwa unga. Akaukuta ufagio mlangoni, akauamkia na kuuliza hali ya watoto. Mikono ikaanza kuokota hewani vitu visivyokuwapo.

"Unaona?" Muhdhar aliweka kikombe chini, akanyakua jembe.

"Naona! Pale! Panacheka!"

Muhdhar akachimba panapocheka. Akachimba pia panapopiga chafya. Akachimbua mchicha wote wa Bi Hadiya, akang'oa na kizingiti. Mangi, kwa wakati huo, alikuwa amefika dukani mbele, penye friza nyeupe ya soda, akaipigia magoti.

"Kabibi," alilia, "safari hii si za bati. Za bati nimemwachia yule bahili kwenye leso. Hizi ni za mkewe, dhahabu tupu." Akazitundika moja moja kwenye mkono wa friza. "Sema basi kama wanikubali."

Friza ikanguruma.

"Amekubali!"

Bi Hadiya, aliyemfuata hadi dukani, alizichukua bangili zake, akacheka hadi akashika ukuta. Kisha akamtazama Mangi usoni. Mboni zilikuwa zimetanuka zikameza jicho zima, na ngozi ilikuwa ikichoma kama kikaango. Kicheko kikamwishia. Akamwaga kilichobaki kwenye birika, akaita tuktuk, wakakimbilia hospitali.

Na hapa hata mimi naacha kucheka. Moyo wa Mangi ulikwenda mbio, mkojo uliziba, na ilibidi afungwe kitandani asiruke dirishani kumfuata friza. Alipozinduka, nesi Priscilla alimwambia bila kumbembeleza, "Aliyeletwa kabla yako alikunywa kidogo kuliko wewe. Tuliwapa jamaa zake maiti."

Mlango ukafunguka, akaingia Muhdhar na chupa ya chai.

"Pole, daktari. Ila kazi hukuimaliza. Leo nimechemsha mnanaha mtupu. Nakunywa mie."

"Mzee, usinywe! Mimi ni tapeli! Yangu ilikuwa nanaa, iliyoniangusha ni yako. Itakuua!"

Muhdhar akatabasamu. "Wataka vyungu peke yako." Akafungua kifuniko, akajimiminia kikombe.

Maisha yake yote Mangi aliuza uongo ukanunuliwa; ukweli wake wa kwanza ulikosa mteja. Aliogopa, tena sana. Akafumba macho.

"Basi. Babu yako alinijia."

Kikombe kikasimama hewani. "Akasemaje?"

"Dhahabu yake imo mikononi mwa mkeo. Na ukimsumbua tena marehemu kwa mnanaha, bangili zitageuka bati."

"Wallahi!" Muhdhar alimaka. "Kwenye leso nilizikuta bati, kisha nikaziona mkononi mwa mke wangu zimerudi dhahabu!" Akaimwaga chai yote kwenye beseni, akatoka mbio kwenda kumwomba mkewe radhi.

Mangi alishusha pumzi, akageuka. Kabibi alikuwa amesimama karibu na kitanda. Bi Hadiya alikwisha kumsimulia yote.

"Kabibi, nilikuwa nikikuvisha wewe..."

"Mimi ulinivisha bati, Mangi. Friza ndiyo umeivisha dhahabu." Akajitanda leso yake vizuri. "Basi acha niende kwa anayezitengeneza friza."

Macho ya Mangi yalikuwa bado na ukungu wa mnanaha. Aliona Kabibi wawili wakiondoka, na hakuna hata mmoja aliyegeuka.