Betri ya Msikiti Haiogelei

Wanangu wa darasani, kuanzia leo sina uso. Niliokuwa nao nimeuacha baharini, hapa hapa kisiwani Chovae, mbele ya watu wote waliotoka kuswali Ijumaa.

Nianze mwanzo. (Naandika huku nalia, makosa mtayavumilia.)

Ami Athman, ndugu yake baba, amekuja kutoka Mombasa na binti yake Zuhura. Ami alitolewa kisiwani amebebwa mgongoni wakati wa vita, hakurudi mpaka wiki hii. Sasa anataka kukanyaga kila mahali kwa miguu yake: majabali, mikoko, makaburi ya wazee. Jana akaniambia, "Kesho nitembeze wewe. Nikiona una akili, nakuchukua Mombasa likizo nzima."

Mombasa! Likizo nzima! Mimi mbali nilikowahi kufika ni Kismayo, na huko nilipelekwa kung'olewa jino.

Kwa hiyo leo nimeamka nina akili mpaka zinamwagika. Nikapanga tuvuke kwenda kile kisiwa cha mawe mbele ya kijiji. Maji yakipwa, njia ya mchanga inatokea, unakwenda kwa miguu. Maji yakijaa, njia hakuna. Baba akanisimamisha mlangoni.

"Mkisikia adhana ya Ijumaa, geuzeni hapo hapo. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Umesikia kwa masikio au kwa mdomo?"

"Kwa yote, baba."

Sasa Zuhura alitaka kupiga picha na simu yake imekufa chaji. Na mimi mwenye akili nikajua betri iko wapi. (Hapa ndipo mngenishika mkono. Mlikuwa wapi?) Ile betri ndogo ya pikipiki inayowasha spika ya msikiti! Nikaichomoa, nikaitia kwenye mkoba wa shule na waya zake. Naazima tu. Nitairudisha kabla ya mtu kujua.

Mnaona mambo yanakoelekea? Mimi sikuona.

Matembezi yenyewe yalikuwa matamu, siwadanganyi. Tulipanda jabali mpaka juu, pale mawimbi yalipolila chini likabaki kama uyoga. Maji meupe, unahesabu samaki. Kuna tundu kwenye mwamba, wimbi likiingia chini, maji yanaruka juu kama nyangumi anapiga chafya. Ng'ambo unaona vilima vya mchanga vya bara, vyekundu. Ami akajifuta macho akasingizia upepo. Zuhura anapiga picha, simu inakula chaji kwa waya unaotoka mkobani mwangu, mimi nimeshika kiuno kama kisiwa ni changu.

"Saa ngapi sasa?" Ami akauliza.

"Ami, huku hatutazami saa. Huku tunasikiliza adhana."

(Maneno hayo yaandikwe kwenye kaburi langu.)

Tukasikiliza. Kimya. Tukala mkate wa mofa. Kimya. Nikawaonyesha pango. Kimya kabisa.

Zuhura akatazama chini. "Wewe, ile njia tuliyokuja nayo iko wapi?"

Pale palipokuwa na mchanga palikuwa na bahari.

"Haiwezekani," nikasema. "Adhana bado haijatoka!"

Halafu nikakumbuka. Nikapapasa mkoba. Adhana nilikuwa nimeibeba mgongoni.

"Si kitu," Ami akasema, anakunja suruali. "Maji ya kiuno haya, na mbele tutaogelea kidogo. Tupa mkoba twende."

"Siwezi kuutupa, Ami."

"Una nini ndani?"

"Chakula."

"Chakula gani kina waya?" Zuhura akasema. Huyu msichana mngejua nilivyomchukia.

Wanangu, mimi naogelea tangu sijaota meno. Lakini betri haiogelei. Nikaitoa mkobani, nikaiweka kichwani, nikaishika kwa mikono miwili, nikaingia majini nikisoma kila dua ninayoijua, pamoja na ile ya kulala. Maji ya kiuno. Maji ya kifua. Maji ya kidevu. Ami na Zuhura, aliyeinua simu yake juu, wameshafika, wananisubiri ufukweni.

Na hawakuwa peke yao. Watu walikuwa wametoka msikitini. Kanzu nyeupe mstari mmoja, wametazama baharini kama wanaotafuta mwezi wa Idi. Mbele yao Maalim Shee, mwadhini wetu, aliyepanda juu ya paa akaadhini kwa koo tupu mpaka sauti ikakatika, na upepo ukampelekea adhana yake bara.

Alinitazama mimi. Akatazama kichwa changu.

"Waryaa, wewe!" Sauti kama mlango wenye kutu. "Si betri yangu hiyo?"

Wote wakanigeukia. Nilitaka kujibu kwa heshima. Nikatoa mkono mmoja nimpe salamu.

Chubwi!

Nilipiga mbizi mara nne. Nikaiibua, waya zinachuruzika maji. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mchu gani huyu, mtoto wa nani jamani?" Baba akajibu taratibu, "Simjui."

Simjui! Baba mzazi!

Ami akaniwekea mkono begani. Nikapata matumaini kidogo. "Mwanangu," akasema, "Mombasa ina misikiti mingi. Ina betri nyingi. Bora ubaki." Zuhura alicheka mpaka akakaa chini, na picha anazo zote.

Betri imekufa, na mpya mpaka chombo kiende Kismayo, Mungu ajuaye lini. Hukumu ya Maalim Shee ni hii: mpaka siku hiyo, spika ni mimi. Kila swala nizunguke kijiji kizima nikiita watu. Na sauti yangu mnaijua, mwaka huu inakatika kila neno la tatu.

Alasiri imekaribia. Mkisikia jogoo anakabwa koo nyuma ya nyumba zenu, ni mimi. Nawaomba mtie udhu tu, mwende mkaswali. Atakayechungulia dirishani na kucheka, nampitia alfajiri mara mbili.