Mbiu ya Msiba kwa Njia ya Simu

Jumatatu, 3 Novemba 2014

Nimeanza hatua ya kati ya mafunzo ya kuandika programu za simu, mjini Kibiti. Wanafunzi wenzangu wana umri wa wajukuu zangu. Mkufunzi ni Bi Zawadi, binti mwenye adabu, ila huanza sentensi kwa herufi ndogo ubaoni. Nimemweleza. Ameshukuru, kwa sauti ya chini.

Lengo langu ni zito. Jumapili, Chama cha Kuzikana cha hapa kwetu Mtunda kitaamua nani awe mpeleka mbiu wa misiba. Kwa sasa ni Mzee Ukasha, mwenye baiskeli na kipaza sauti. Hutangaza kifo, kisha humtania muuza samaki kwa pumzi ileile. Mwezi uliopita alitangaza kwamba marehemu Fikirini atazikwa baada ya alasiri. Alizikwa baada ya adhuhuri! Nilifika na hotuba ya rambirambi mfukoni, nikakuta watu wameshakula wananawa. Niliisoma hata hivyo.

Nusu ya kijiji hiki nimeifundisha kusoma. Hakuna anayenipigia hodi ila mwenye barua ya kuandikiwa. Mpeleka mbiu hukaribishwa kila nyumba. Nataka kazi hiyo.

Jumanne, 4 Novemba

Somo la kuhifadhi data. Ajabu! Ulichokihifadhi hubaki ndani ya simu hata ukiizima.

Bi Zawadi ametuagiza tujaze taarifa za majaribio kwa majina ya kubuni. Nimekataa. Kumtangaza marehemu ambaye hakuwahi kuzaliwa ni uongo. Afadhali mtu aliyepo. Kila nafsi itaonja mauti. Taarifa yake haitakuwa uongo, itakuwa imewahi tu.

Nimechagua jina la Ukasha. Si kwa chuki. Ana kikohozi.

Taarifa imekaa vizuri mno: “Chama kinasikitika kutangaza kifo cha Mzee Ukasha. Maziko ni leo baada ya alasiri.” Jioni nikamsomea mke wangu, Sihaba. Akaangusha mwiko. Astaghfirullah, Baba Salima, akasema, mtu huyu asubuhi kanisalimia! Akaapa hanipakulii mpaka niifute.

Nimeifuta. Kioo kimebaki cheupe. Nimekula.

Alhamisi, 6 Novemba

Somo la mtandao. Simu ikikosa mtandao, ujumbe haupotei. Unakaa kwenye foleni, na mtandao ukirudi unaondoka wenyewe. Bi Zawadi ametupa seva ya mafunzo. Ikipokea taarifa ya msiba kutoka kwenye simu yangu, itaigawa kwa wanachama wote kama ujumbe mfupi.

Ameonya pia kwamba kuondoa kitu kwenye kioo si kukiondoa kwenye hifadhi. Nimeandika onyo hilo na kulipigia mstari, kwa faida ya wanafunzi wazembe.

Ameshauri programu ijaribu kutuma mara chache, kisha iache. Sikukubali. Yangu itajaribu mpaka ipokelewe. Nilifundisha miaka mingi kwa msimamo huohuo.

Ijumaa, 7 Novemba

Mnara wa simu umezimika tangu mvua ya jana. Nimeandika sehemu ya mtandao ya programu yangu nyumbani, kwa utulivu, na kujaza namba za wanachama wote.

Baada ya sala ya Ijumaa nikawaeleza watu nje ya msikiti kwamba zama za kipaza sauti zimekwisha. Ukasha akasikiliza mpaka mwisho, akakohoa, akauliza kama simu yangu nayo itabeba jeneza. Watu wakacheka. Abdalah, muuza duka, akasema afadhali ibebe, maana Mwalimu mwenyewe mgongo hauwezi. Nikawakumbusha kwamba tuko mlangoni mwa nyumba ya Mungu. Wakacheka zaidi.

Tutaonana Jumapili.

Jumamosi, 8 Novemba

Siku nzito kuliko zote.

Asubuhi mnara umewaka. Simu yangu ikatetemeka: “Ujumbe umepokelewa.” Programu inafanya kazi! Nikasimama peke yangu ukumbini, machozi yananilenga. Kisha nikajiuliza ni ujumbe gani, maana sikuwa nimetuma wowote.

Sihaba akaingia bila kuvaa kandambili. Kwa Ukasha wanalia, akasema. Akanitazama. Akaketi chini.

Ukasha alikuwa ametoka alfajiri kwenda Kibiti kubadilisha tairi la baiskeli. Simu hana. Basi kila mtu akajua kwamba mauti yamemkuta njiani. Nilipofika, wanawake walikwisha kuleta unga na mchele, vijana wamekwenda makaburini na majembe, wengine wamepanda bodaboda kuufuata mwili Kibiti. Mkewe, Bi Kijakazi, alikuwa ameshikwa huku na huku, akisema mume wangu hata chai hakunywa.

Nikajitenga nyuma ya jiko niandike masahihisho. “Taarifa ya kifo cha Mzee Ukasha imetenguliwa.” Nikatuma. Mnara ukazimika! Masahihisho yakaingia kwenye foleni.

Nilikusudia kusema kwa mdomo. Wallahi nilikusudia. Lakini mwenyekiti wa chama, Mzee Sadala, akanishika mkono, akasema Mwalimu, wewe ndiye mwenye maneno, tusemee mzee wetu mpaka mwili ufike. Watu wote wakanyamaza wakinitazama. Haijapata kutokea. Nikasimama.

Nikasema Ukasha hakupita mlango bila salamu. Nikasema kwa sababu ya miguu yake, hakuna aliyezikwa peke yake katika kijiji hiki. Wazee wakalia. Abdalah akalia mpaka kofia ikaanguka. Nami, nakiri, sauti ilinikatika, kwa kuwa yalikuwa kweli.

Ndipo Ukasha akaingia uani na baiskeli yake, tairi jipya. Akaona turubai, masufuria, umati. Akavua kofia. Akauliza kwa huzuni nani katutoka, na mbona hakuambiwa mapema akatangaze.

Bi Kijakazi akazimia. Wengine wakakimbia, mmoja wao Abdalah. Mzee Sadala akasoma dua, akamgusa Ukasha bega, akamgusa tena.

Nilieleza jinsi taarifa niliyoifuta kwenye kioo ilivyobaki kwenye hifadhi. Sitaandika niliyoambiwa. Bi Kijakazi alipozinduka akanitafuta na mchi.

Ukasha ndiye aliyenikinga. Akasema mchele wa watu usiharibike, upikwe. Kisha akaketi mbele, akaniomba niirudie ile hotuba tangu mwanzo, maana hakuisikia. Nikairudia. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu kuombwa kurudia.

Jumapili, 9 Novemba

Mkutano wa chama. Hapakuwa na kura. Mzee Sadala akauliza nani atamkataa mtu aliyemlilia jana, wote wakapaza sauti: Ukasha!

Nilikuwa nimeanza kutaja faida za programu mnara ulipowaka. Simu zote zikalia kwa pamoja: “Taarifa ya kifo cha Mzee Ukasha imetenguliwa.” Seva ilipokea, lakini simu yangu haikupata jibu. Ikatuma tena. Na tena. Bi Sijaona, mkongwe wa pale jirani, akamwambia Ukasha kwamba safari hii amefufuka kupita kiasi. Nikaamriwa nizime simu, na nisitumie tena jina la mwanachama mwenzangu.

Wakati wa kutawanyika Ukasha alinishika mkono. Akasema hakujua kama watu wanampenda kiasi kile; wengi hufa bila kujua. Akaniombea nami nije nisemwe vizuri, inshallah, baada ya umri mrefu.

Abdalah akadakia kwamba msiba wa Mwalimu nao utajaa, maana kila mtu atataka kuhakikisha.

Walicheka mpaka njiani.

Jumatano, 12 Novemba

Nimemuuliza Sihaba ni watu gani watakuja siku yangu. Akauliza kama nimekula. Nikarudia swali. Akasema, Baba Salima, watu huenda kwa aliyekwenda kwao. Kesho uende kwa Abdalah ukamjulie hali, mguu unamsumbua. Sioni uhusiano.

Programu sasa imetengenea. Nimeweka kikomo cha kujaribu. Kilichofutwa kwenye kioo hufutwa na kwenye hifadhi. Bi Zawadi ameikagua, ameridhika, ameniuliza kama nitapumzika sasa.

Limebaki jaribio moja. Jina la kubuni ni uongo. Jina la mwanachama mwenzangu limekatazwa. Kuna jina moja tu ambalo nina haki nalo kamili.

Nimeiandika taarifa kwa uangalifu: jina langu, la baba, la babu, shule nilizofundisha, mwaka wa kustaafu. Sihaba amekwenda shamba. Nimefagia uwanja na kutandika mikeka. Nimeketi nyuma ya mlango, penye ufa, ambapo uwanja wote unaonekana na sauti zinafika.

Mtandao umejaa. Nimebonyeza. Imepokelewa.

Nitatulia kimya mpaka wamalize kunisifu. Isipokuwa wakikosea mwaka wa kustaafu. Hapo nitatoka niwasahihishe.