Sanduku la Vijumba Mia na Arobaini

Jumatatu, 4 Machi
Nimeacha kazi kwa shemeji! Miaka sita nachonga funguo chini ya macho ya kaka wa mke wangu. Basi, imetosha. Zahanati imenipa vitasa kumi na vinne. Mhudumu wao katoroka na funguo zote, kwa hiyo nibadilishe pini za ndani, vile vijichuma vinavyoinuliwa na meno ya ufunguo, funguo za zamani zisifungue tena. Matroni kasema nikiifanya vizuri, milango yao yote ni yangu daima. Nikiboronga, narudi kwa shemeji kichwa chini. Sirudi ng'o.

Jumanne, 5 Machi
Dukani, kuchagua sanduku la pini. Yako mawili. La kwanza dogo, pini za aina moja ya kitasa, kifuniko kina mpira unaobana kila kijumba. La pili, lahaula! Vijumba mia na arobaini, pini za rangi zote, na mshikio kama mkoba wa wakili. Muuzaji akauliza vitasa vyenyewe ni vya aina gani. Nikamjibu fundi hahojiwi. Akanishauri nichukue dogo. Huyu katumwa na shemeji, hanidanganyi. Nimechukua kubwa.

Jumatano, 6 Machi
Shemeji kapita nyumbani, eti kumsalimia dada yake. Akakitikisa kifuniko cha sanduku langu. Akasema kina nafasi, pini zitahama, nilibebe sanduku likiwa limelala. Wivu tu! Mke wangu akaniambia nimsikilize. Tumbo moja hao, ungetegemea aseme nini?

Alhamisi, 7 Machi
Nimelibeba kwa mshikio, wima, mbele ya duka la shemeji. Hakuniona. Nikarudi nikapita tena.

Kufika zahanati, kufungua sanduku: vurugu tupu. Pini zote zimehamia kwa majirani. Fundi mwingine angelia. Mimi nikapanga kwa macho, rangi si zipo? Kumbe kila rangi ina saizi tatu. Iliandikwa kwenye karatasi niliyoitupa. Kitasa kikigoma, natoa pini moja. Kikigoma tena, natoa nyingine. Ufunguo ukawa unazunguka kwa ulaini wa ajabu. Vyote kumi na vinne kabla ya saa kumi!

Ijumaa, 8 Machi
Matroni kaniita. Ufunguo wa choo umefungua stoo ya dawa. Nikamweleza kwamba hilo ni jambo la kurahisisha kazi. Akatoa kijiko cha dawa mfukoni, akaufungua mlango wa ofisi yake mbele yangu, polepole.

"Fundi," akasema, "yule aliyetoroka angalau alihitaji ufunguo."

Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Sikumwonyesha. Nikamwambia kijiko chake si cha kawaida.

Jumamosi, 9 Machi
Shemeji kaitwa, kamaliza vyote. Nilimsubiri anicheke. Akasema tu nije Jumatatu saa mbili, nisichelewe. Afadhali angenicheka. Mke wangu kataka nimshukuru kaka yake. Nimesema nitalifikiria.

Jumatatu, 11 Machi
Nimerudi dukani kwa shemeji. Sikushindwa, nimekubali kuwasaidia. Shemeji kanikabidhi sanduku dogo jipya, niende shuleni kwenye vitasa vinane. Kifuniko kigumu mno, nimevunja kucha mbili. Aliyekitengeneza hajawahi kushika bisibisi, naapa! Nimeubandua ule mpira, nimeutupa. Sasa kinafunguka kwa kidole kimoja. Sanduku nimelining'iniza kwenye usukani wa baiskeli, na nitapita njia ya mashimo, ni fupi zaidi.