Mwanaume Aliyelilia Sombe

Habari ya siku ile aliileta Mwalimu Mahamudu, mstaafu ambaye watu wa benchi la kahawa, pale pembeni ya soko la Kasongo, walimbatiza jina la Ajansi. Redio yake haibanduki sikioni tangu alfajiri, na mdomo wake hauwezi kulaza habari.

"Tajiri mumoja wa Ulaya," akasema kabla hajakaa, "amepanda roketi, akaenda juu kuliko ndege. Dakika kumi na moja. Kurudi chini, amelia kama mutoto. Anasema dunia iko muzuri sana."

"Mbele ya hapo alikuwa anaishi wapi?" akauliza Amuri, mwendesha pikipiki wa njia ya Wamaza.

"Humu humu."

"Basi angekuja kwangu. Ningemupakia mpaka Wamaza mu masika. Mbele ya kufika kilima cha pili angekuwa amelia mara tatu."

Mama Latifa, mwenye birika, akacheka puani huku akimimina. Wote walicheka isipokuwa Iliasi.

Iliasi alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, mtu wa miaka hamsini na kitu. Benchini aliitwa Chumvi, maana hakuna chakula, hotuba wala arusi aliyowahi kusifu. Kwake kila kitu kilikosa chumvi. Jana yake alikuwa amerudi kutoka kuuza Nyangwe, kando ya mto Lualaba, baada ya wiki tatu badala ya moja. Sasa alikuwa akitazama mvuke wa kikombe chake, na moyoni akaona yule tajiri ni ndugu yake wa tumbo moja.

"Miye namusikia huyo mutu," akasema.

"Unamusikia namna gani?" akauliza Ajansi.

"Hii kahawa. Miaka kumi na tano nakunywa hapa. Kumbe tangawizi iko ndani."

"Iko ndani tangu siku ya kwanza," akasema mama Latifa.

"Ndiyo hiyo nasema. Na leo jogoo ya jirani iliwika, nikaisikiliza mpaka mwisho. Mbuzi zikapita. Moja ina ndevu kama muzee wa baraza. Nikasema, Mungu alitengeneza hii kitu, na miye napita tu kila siku, hata kuangalia siangalii."

Amuri alimwekea kiganja kwenye paji la uso. "Homa hakuna," akawatangazia wenzake. "Basi ni kichwa."

"Mutu akianza kusifu ndevu za mbuzi," akasema Ajansi, "kesho atasifu mashimo ya barabara ya Kabambare."

Kicheko hakijaisha, Binti, mke wa Iliasi, akatokea upande wa soko. Hakuwa mtu wa kusimama pale kwa wanaume. Siku ile alisimama, mkono kiunoni.

"Salaam aleikum. Sikuja kunywa. Mwalimu, wewe iko mutu muzima, nisaidie. Miaka ishirini na mbili natwangia huyu majani ya muhogo, namupikia sombe. Siku zote anasema chumvi, chumvi. Jana amekula, amelia. Machozi mu sahani. Nikauliza, pilipili? Akasema hapana, sombe iko muzuri. Leo asubuhi amesimama mulangoni, akasema niko nafagia muzuri."

Benchi zima likamgeukia Iliasi kama baraza la kesi.

"Mwanaume halii bure juu ya sombe," Binti akaendelea. "Iko mwanamuke kule Nyangwe. Nataka jina tu."

"Shemeji, hiyo kitu inanuka kweli," akasema Amuri. "Wiki tatu."

"Na samaki alileta ngapi?" akauliza mama Latifa.

"Hata mumoja. Anasema samaki ilikosekana."

"Nyangwe?" Mama Latifa akaweka birika chini. "Samaki ikosekane Nyangwe? Mutu akidanganya, adanganye na adabu."

Jasho lilimtoka Iliasi. Alikuwa ameapa kutosema. Lakini alipomtazama mkewe aliona kwamba ukali ulikuwa mdomoni tu. Machoni mlikuwa na maji.

"Pirogi ilipinduka mu mto," akasema polepole.

Mkono wa Binti ukatoka kiunoni.

"Uliniambia, mama Safia, ikijaa usipande. Ilijaa, nikapanda. Katikati ya Lualaba ikageuka. Watu wote tulitoka, Alhamdulillahi, lakini mizigo ilikwenda. Miye nilishika bidoni ya mutu, dumu ya mafuta, tangu alasiri mpaka jua kuingia. Wavuvi ndio walinitoa. Nikalala kwao, kifua kinauma, wananipa uji. Niliogopa kukuambia, sababu ungesema ulinikataza."

"Nilikukataza," akasema Binti, lakini sauti haikuwa tena na meno.

"Mule mu maji sikuwaza vitenge. Niliwaza kinu chako. Wewe unatwanga, halafu unanigombeza bila kupumzika. Nikaona ni kitu kikubwa sana, mutu kukaa kwake na kugombezwa."

Ajansi alivua kofia, akaigeuza geuza mikononi. Binti alivuta ncha ya kitenge chake, akajifuta uso. Kisha akamshika mumewe bega, akambonyeza kifuani kwa vidole viwili kama mtu anayekagua papai, na Iliasi akaguna kwa maumivu.

"Na jana ulinyamaza," akasema Binti. "Usiku muzima nimegombana mu moyo na mwanamuke ambaye hayuko. Nilikwisha kumupa hata jina."

"Jina gani, shemeji?" akauliza Amuri.

"Haikuhusu. Baba Safia, simama, twende kwa daktari. Na ukitaka kulia tena, lilia ndani, mulango umefungwa. Majirani wanasema ninakupiga."

Wakaondoka, yeye mbele, mumewe nyuma. Mbele ya muuza mikate Iliasi alisimama kutazama tanuri, Binti akamvuta mkono wa shati, wakaendelea.

Kisha Amuri akasimama, akatafuta ufunguo mfukoni.

"Umepata abiria?" akauliza Ajansi.

"Hapana. Nafika nyumbani kidogo. Mama Malaika, muke wangu, iko anafua leo." Akakohoa. "Nataka kuona namna anafua."

"Mupigie simu mbele ya kufika," akasema mama Latifa, akikusanya vikombe. "Umuambie hujafanya kitu."