Gololi ya Sita

Jumatatu, 7 Oktoba

Msiba! Papa anauza gari. Ametangaza leo tukila bugali, kwa sauti ile ile anayoombea chumvi. Tonton Grégoire, kaka wa Maman, mfuga ng'ombe wa Walungu, atakuja Jumapili kulijaribu. Papa anasema limechoka. Likipanda mlima linanguruma, kisha linafikiri, kisha ndipo linabadili gia. (Ni otomatiki. Kufikiri ni haki yake.)

Mimi sikuulizwa. Nyumba yetu ina watu tisa na mlango mmoja tu unaofungika, wa choo. Kiti cha nyuma cha gari ndicho maktaba yangu. Tangu Pasaka nimemaliza humo riwaya kumi na nne. Nitasomea wapi? Chooni wanagonga.

Jumanne, 8 Oktoba

Nina mpango. Tonton Grégoire anaogopa magari. Mwaka jana, siku ya harusi moja, aliteremka mlima kwa gari hadi kanisani ameshika mlango kwa mikono miwili. Kwa hiyo gari letu lisitengenezwe. Litishe!

Nimesoma. Kuna seti ya kukaza gia: springi ngumu, gololi sita za chuma, na bati lenye vitundu vipana. Ukivifunga ndani ya giaboksi, gia haziwazi tena, zinaruka. Viwango ni vitatu: pole, kati, mashindano. Kuhusu mashindano, maelekezo yanaonya kwamba abiria watahisi. Nimechagua mashindano.

Nikaenda kwa Chris, jirani, anayesoma mécanique na kufanya stage, yaani mafunzo ya kazi, kwenye gereji. Ninamwogopa. Huniita Professeur mbele ya wasichana. Gereji ina seti mbili zilizoachwa na mteja aliyehama. Chris alisema zote ni sawa, nichukue yenye boksi zuri. Nikamwomba dakika moja, nikasoma namba kwenye kibati cha mlango wa gari letu, nikalinganisha. Yenye boksi zuri si yetu. Yetu ni ile yenye vumbi. Chris akaipangusa mwenyewe, bila kuniita Professeur! Sijawahi kuwa na dakika tamu kama ile mwaka huu.

Bei: nimwandikie rapport, ripoti yake ya stage. Kurasa ishirini.

Jumatano, 9 Oktoba

Papa amekwenda kazini Miti hadi Jumamosi. Kwa pikipiki! Gari limesikia.

Maman yuko sokoni hadi saa kumi na moja. Tukaanza saa nane. Nilisema mafuta ya giaboksi yaingie kwenye bidoni, yaani dumu. Chris alisikia beseni la kufulia. Basi.

Chini ya gari, giaboksi ina ubongo wa chuma wenye njia nyingi kama mchwa wameuchimba. Mimi nilisoma maelekezo kwa sauti, Chris akafungua. Alilalamika kwamba ninasoma kama padri kwenye mazishi. Gololi sita nilizipanga kwenye sahani kwa mstari. Nikaingia ndani kutafuta kitambaa. Nikatoka.

Gololi tano. Na kuku.

Alitutazama bila aibu yoyote. Chris alitaka achinjwe hapo hapo. Nilimkumbusha kwamba Maman anawajua kuku wake mmoja mmoja, na huyu ndiye anayetaga. Tulimfukuza hata hivyo, sijui kwa nini. Alikimbia vizuri sana kwa mtu aliyekula chuma.

Mbadala wa ya sita tukautafuta kila mahali. Gololi ya kioo ya mdogo wangu: kubwa. Punje ya pilipili manga: wazo la Chris, sisemi kitu. Ndipo nikaiona rozari ya Maman, shapule yake, kwenye msumari. Punje za chuma! Zawadi ya masista. Nikapima kwa rula ya shule: milimita sita kamili. Ina tundu katikati, lakini dogo. Mungu anajua nia yangu. Nikachomoa moja, Chris akaifunga kwenye giaboksi, nami nikaunga waya wa rozari kwa koleo. Huwezi kujua.

Ijumaa, 11 Oktoba

Wamejua.

Ni mwezi wa Rozari, na shirika letu, yaani wakristo majirani, lilisali kwetu jioni. Maman aliongoza. Kumi la tatu likaishia kwenye Salamu Maria ya tisa, si ya kumi. Maman Micheline, jirani ambaye huhesabu pia kwa vidole, akakohoa. Maman akarudia tangu mwanzo. Tisa! Maman Micheline akasema polepole, ili wote wasikie, kwamba kuna watu wanamharakisha Bikira ili wawahi biashara yao.

Maman hakula. Amekaa na rozari mapajani, anahesabu, anahesabu. Nimesali Salamu Maria moja ya ziada kulipa deni. Hainisaidii.

Jumapili, 13 Oktoba

Tonton Grégoire alifika saa nne. Kwa heshima yake Maman akachinja kuku. Kuku yupi? Nikamfuata jikoni.

Firigisi ni haki ya mgeni. Maman akaipasua aisafishe. Tik! Gololi kwenye sahani. Akapiga kelele: “Shapule yangu! Iko ndani ya kuku!” Akatoka mbio hadi kwa Maman Micheline, firigisi mkononi. Maman Micheline akaigeuza gololi na kuuliza tundu liko wapi. Maman akajibu: “Tumbo ya kuku inasaga mawe, itashindwa kuziba katundu?” Majirani wote waliona ni kweli. Maman Micheline akaomba msamaha mbele ya uwanja mzima. Maman alicheka kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Mimi nikaenda kuokota manyoya ya kuku. Wakati mwingine ukweli ni kukosa adabu.

Kisha majaribio. Tonton kwenye usukani, Papa pembeni, mimi nyuma nikingoja ushindi. Mlima ukaanza. Gia ya pili: teke! Kofia ya Tonton ikaniangukia mapajani. Gia ya tatu, ile yenye punje ya Maman: teke kubwa zaidi. Papa alimwita Yesu. Nikangoja Tonton alie.

Akacheka! Akasema siku zote anaogopa magari kwa sababu yako kimya, hujui yanawaza nini. “Lakini hii iko na nguvu! Ng'ombe yenye haipige teke, ile iko mugonjwa.” Akalinunua kabla mchuzi haujapoa. Na firigisi akala.

Maktaba yangu imekwenda Walungu. Riwaya yangu iko chini ya kiti, ukurasa wa 212, mtuhumiwa ndiyo kwanza anafungua mdomo.

Jumamosi, 26 Oktoba

Papa ameleta gari jingine. Otomatiki! Kiti cha nyuma ni kipana zaidi, nimekilalia kabisa. Lakini leo kwenye mlima lilifikiri kidogo, na Papa akashusha pumzi. Ninaijua pumzi hiyo.

Nimekomaa sasa. Safari hii nitachagua pole, ili Papa alipende. Namba za kibati nimezisoma: ile seti yenye boksi zuri ndiyo hasa. Chris anataka rapport ya pili. Seti imepungukiwa gololi moja tu.

Maman Micheline, kwa upatanisho, amempa Maman rozari yake mwenyewe. Chuma. Nimeipima: sita kamili.

Nakiri nilikosea mara ya kwanza. Nilichukua punje ya katikati. Safari hii nitachukua moja ya zile tatu karibu na msalaba, pale ambapo watu bado wanakohoa na kutafuta viti, na hakuna anayehesabu.

Na wakihesabu, kuku wamebaki watatu.