Wimbo Mbovu wa Bwana Zangerle

Jumatatu, 7 Novemba 1927
Mvua. Kwa Bi Walpurga, mwenye kilabu cha divai hapa Nussdorf, pembeni mwa Vienna, wameimba tena nyimbo za Leopold Zangerle. Divai, machozi, mama mzee dirishani. Vienna nzima inamwabudu mtu anayejua kubonyeza gita mahali patatu tu! Mimi, Ignaz Kratochvil, nimesomea muziki miaka sita. Wimbo wangu Bi Walpurga kaufunikia chungu cha mafuta ya nguruwe. Eti karatasi yake nzito, inafaa.

Ijumaa ni sikukuu ya Mtakatifu Martin, divai mpya inabarikiwa. Wimbo utakaopendwa siku hiyo utaimbwa mwaka mzima. Lazima uwe wangu.

Jumanne, 8 Novemba
Nimepata dawa yake. Nitatunga upuuzi mtupu, niutie jina la Zangerle. Watamzomea, nami nitaingia na wangu. Humo mwendesha gari la farasi anakufa, anafika mbinguni, hakuna divai, analia mpaka Mungu anamrudisha Nussdorf. Nimeumaliza kwa dakika ishirini tu.

Jumatano, 9 Novemba
Nimeupenyeza chini ya mlango wa kilabu. Mwandiko wa Zangerle nimeuiga barabara. Nimeandaa na hotuba fupi ya kumsikitikia.

Ijumaa, 11 Novemba
Wamelia! Padri wa kubariki divai ndiye aliyeanza. Wameurudia mara saba, bata bukini wa sikukuu kapoa mezani. Zangerle akasimama, akasema kwa haki kabisa kwamba wimbo si wake. Wakampigia makofi kwa unyenyekevu wake.

Nikapanda juu ya benchi, nikatangaza kuwa ni wangu. Bi Walpurga akanishika mkono. "Ignaz mwanangu, shuka ule. Na roho yako kavu hiyo, ungeutoa wapi?" Watu wakavunjika mbavu. Wimbo wangu halisi, kurasa kumi na moja, hakuna aliyeuulizia. Nimeumia sana.

Ubeti wa tatu nami nilitokwa machozi. Ni moshi wa jiko.

Jumapili, 13 Novemba
Nimetafakari siku mbili, kosa nimeliona. Wimbo haukuwa mbovu wa kutosha. Leo nimetunga mwingine: bibi kizee, paka wake kipofu na pipa la divai. Wote wanakufa, hata pipa. Jina la Zangerle nimeliandika kwa herufi kubwa. Safari hii watamzomea, hasimami tena.