Ogola na Risasi za Mazoezi

Miaka ile ya Hali ya Hatari, bastola ilikuwa vazi la kawaida mjini Nakuru. Mama wa Kizungu alikuja sokoni nayo kiunoni kununua vitunguu. Akiinama kuchagua, bastola inainama naye, na hakuna aliyegeuka kutazama. Lakini siku moja ya soko, katika hoteli ya chai mtaani Bondeni, Ogola aliona bastola kwenye kiuno cha Mwafrika, akarudisha andazi sahanini.

Mwenye kiuno alikuwa Chifu Kipketer kutoka milima ya Tugen, aliyeteremka na lori la asubuhi. Alikuwa ameketi upande, mkono mmoja kwenye kikombe, mwingine juu ya chuma, kama mtu mwenye jipu anayeogopa kuguswa.

Ogola alimwangalia kwa huruma ya daktari. Yeye mwenyewe alikuwa mwembamba, shati limepigwa pasi, na baiskeli yake nyeusi aliipenda kuliko ndugu zake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa Burma na Keya, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, ambako kwa maelezo yake alifundisha maofisa kulenga shabaha. Kwa maelezo ya waliokuwa naye, alimenya viazi. Tusimdharau. Jeshi lile lilikula viazi vingi.

"Mzee," alisema akivuta kiti, "hiyo kitu umeipiga mara ngapi?"

"Wewe ni nani?"

"Ogola. Mwalimu wa shabaha, zamani. Nimeona unavyoishika nikaumia."

Chifu alitazama mlango kabla ya kujibu. "Sijaipiga."

"Hata mara moja?"

"DC alinipa na risasi sita. Kila Ijumaa karani wake anazihesabu. Ikipungua moja, nieleze imeingia kwa nani. Na Jumamosi ijayo kuna baraza. Machifu wote tutalenga debe kwa risasi mbele ya watu. Anayekosa anarudisha bastola."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya wake zangu," alisema chifu, na hapo ndipo Ogola alipoelewa ukubwa wa jambo.

Alishusha sauti. "Mzee, nani alikwambia mtu anajifunza na risasi za vita? Kuna risasi za mazoezi. Lakini lazima uchague inayofaa. Ya mbao inapasua mtutu. Ya mpira inarudi. Sajini mmoja alirudishiwa mbili, akala uji mpaka vita ikaisha. Inayokufaa wewe ni ya kichwa cha bluu. Haina kelele, haiui, inafundisha mkono tu."

"Inapatikana wapi?"

"Kwa mtu ninayemjua. Yeye hataki pesa siku hizi. Anataka mtamba."

Chifu alikunywa chai yake taratibu. "Niletee nyumbani Jumanne. Mtamba yuko."

Sasa, sheria ya siku zile ilikuwa fupi: Mwafrika akikutwa na risasi moja bila kibali, anapewa kamba ya shingo. Ogola aliiheshimu sheria hiyo kwa moyo wote. Kwa hiyo risasi zake zilikuwa za nta. Alikwenda sokoni jioni ile, akamkuta mama wa Kitugen mwenye shanga, ameketi nyuma ya vibuyu vya asali na donge la nta. Mama akataja bei ya nta. Ogola, ambaye kichwani alikuwa tayari anamswaga mtamba, alilipa bila kubishana, akaondoka. Mama alimtazama mpaka akapotea. Tangu aanze kuuza asali, alikuwa hajaona mtu mwenye akili akilipa bei ya kwanza.

Nta ikayeyushwa, ikamiminwa ndani ya vipande sita vya mwanzi, ikapakwa masizi kiunoni na bluu ya kufulia kichwani. Zilipendeza. Hata Ogola aliogopa kuzishika vibaya.

Jumanne alisukuma baiskeli yake mlima mzima. Chifu alimpokea vizuri, akampa kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando, na kigoda kivulini, na mtamba mwekundu alikuwa amefungwa pale pale, anacheua. Ogola alifungua kitambaa. Chifu akachukua risasi moja, akaipitisha puani, kisha akamwita askari wake.

"Kipkorir, njoo ukae na sisi. Lete pingu, usiziache zikashika kutu."

Mursik ikabadilika ladha.

"Ogola," alisema chifu kwa upole, "kabla sijalipa nataka kuelewa. Hii ni risasi?"

"Ni risasi kabisa, mzee. Kutoka Uingereza."

"Kipkorir, mtu akikutwa na risasi bila kibali?"

"Kamba, mzee."

"Sikusema risasi ile ya risasi," alisema Ogola haraka.

"Basi si risasi."

"Si risasi, mzee. Hata kidogo."

"Kipkorir, mtu akimuuzia chifu wa serikali kitu ambacho si risasi, akisema ni risasi, ili achukue ng'ombe?"

"Jela, mzee. Na kazi ngumu."

Chifu aliweka vile vitu sita mbele ya mgeni wake, kwa mstari. "Ulinifundisha kwamba lazima mtu achague inayofaa. Sasa chagua wewe."

Ogola alitazama pingu, akamtazama mtamba, akatazama njia ya kuteremka. Akachukua risasi, akaitia mdomoni, akaitafuna.

"Unakula ushahidi," alisema Kipkorir.

"Nathibitisha," alijibu Ogola, midomo ya bluu.

"Ni tamu?" aliuliza chifu.

"Ina asali kidogo, mzee."

"Lazima iwe nayo. Imetoka katika mzinga wangu ulio kwenye mgunga pale chini. Mke wangu aliporudi kutoka sokoni aliniambia kuna mtu mwembamba amelipa bei ya kwanza. Tukakaa tukajiuliza ni mgonjwa au ni mwizi." Chifu alizikusanya tano zilizobaki, akazirudisha kwenye kitambaa. "Hizi zangu. Jela ni mbali na Kipkorir anachoka kutembea. Lakini angekuwa na baiskeli, angeweza kuzunguka kuona kama kuna wengine wanaouza vitu kama hivi."

Ogola aliteremka kwa miguu. Waliokutana naye njiani walimwona mtu wa shati safi, mdomo bluu, anayezungumza na mikono yake kama bado imeshika usukani.

Hapa hadithi ingeisha kwa haki, lakini mambo ya Nakuru hayaishi hivyo. Chifu Kipketer hakuzitupa zile nta. Alizitia ndani ya bastola na kuanzia alfajiri mpaka giza akalenga vibuyu, akibonyeza, tik, tik, mpaka mkono ukazoea. Jumamosi, mbele ya DC na wake zake wote, akatoboa debe kwa risasi ya kwanza. Machifu wengine walitoboa hewa. Badala ya kuwanyang'anya bastola, DC akawapa mwezi mmoja wajaribu tena, akamuuliza Kipketer siri yake. Naye, kwa kuwa ni mtu mkweli, akasema: risasi za mazoezi, za kichwa cha bluu, kutoka kwa bwana mmoja wa Nakuru aitwaye Ogola.

Siku ya soko iliyofuata Ogola alikuwa hotelini, chai mbele yake, mahali pa kuegemeza baiskeli pakiwa patupu. Kivuli kikasimama mlangoni. Alikuwa Chifu Chebii, mmoja wa wale waliotoboa hewa, bastola kiunoni, na nyuma yake mtamba mweusi aliyenona hata akajaza mlango.

"Wewe ndiye Ogola wa risasi?"

Ogola alimtazama mtamba. Alimtazama muda mrefu, kama mtu anayeaga. Nje ya dirisha, barabarani, Kipkorir alikuwa amekalia baiskeli nyeusi, mguu mmoja chini, anasikiliza.

"Risasi?" alisema Ogola. "Hapana, mzee. Mimi nilikuwa mpishi. Vitani nilimenya viazi."

Hilo lilikuwa neno la kwanza la kweli alilolisema Nakuru, na Chebii hakuliamini hata kidogo.